Mizani ya Kura: Mikoa Miwili Katika Kiti Kimoja

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Nimetakiwa nizungumze juu ya uwakilishi wa watu wachache mbele ya watu wengi. Nimeona bora nisizunguke katika maneno ya jumla, bali nishike mfano mmoja wa kweli na kuufungua mbele yenu kama mtu afunguavyo robota la nguo, ili kila mmoja aone kitambaa, rangi na kasoro zake. Mfano wenyewe unatoka Japani, katika kisiwa kiitwacho Shikoku, na khasa katika mikoa yake miwili, Tokushima na Kochi. Mikoa hiyo ilikuwa na wajumbe wake mbalimbali katika baraza la juu la nchi yao, na mwaka 2015 sheria ikaitia yote miwili katika jimbo moja. Hapakuwa na bunduki katika jambo hilo, wala sanduku la kura lililoibiwa. Sheria ilipita barazani, tena kwa jina la usawa; na hasara ijayo kwa mlango wa haki ndiyo iliyo ngumu kuitambua na ngumu zaidi kuijibu.

Kwanza tulijue baraza lenyewe. Kabla ya Vita vya Pili, baraza la juu la Japani lilikuwa la watu wa nasaba na wa kuteuliwa. Katiba mpya, iliyotangazwa tarehe 3 Novemba 1946 na kuanza kutumika tarehe 3 Mei 1947, ililiondoa baraza hilo na mahali pake ikaweka Baraza la Washauri, ambalo wajumbe wake wote huchaguliwa na raia. Mjumbe hukaa miaka 6, na nusu ya baraza huchaguliwa kila baada ya miaka 3. Uchaguzi wa kwanza ulifanywa tarehe 20 Aprili 1947. Viti vilikuwa 250; katika hivyo, 100 vilipigiwa kura na nchi nzima kana kwamba ni jimbo moja, na 150 viligawiwa mikoa. Kwa kuwa nusu ya wajumbe huchaguliwa kwa zamu, mkoa hauwezi kupata chini ya viti 2, yaani kimoja zamu hii na kimoja zamu ijayo. Basi hata mkoa mdogo kuliko yote ulipata viti 2, na hiyo ikawa ndiyo pishi ya mwisho isiyopunguzwa.

Viti hivyo vilikuwa na maana kubwa kuliko hesabu yake. Kisiwa cha Okinawa kilikuwa chini ya utawala wa Marekani mpaka mwaka 1972. Walakini watu wake waliwachagua wajumbe wao 2 wa Baraza la Washauri mwezi wa Novemba 1970, kabla utawala wenyewe haujarejeshwa. Mkoa kuwa na mtu wake barazani ilikuwa ni alama kwamba watu wake wamehesabiwa katika taifa.

Sasa tuje kwenye mizani. Mwaka 1947 kura iliyokuwa nzito kuliko zote ilikuwa na uzito wa mara 2.62 ya kura iliyokuwa nyepesi kuliko zote. Kisha vijana wakaacha mashamba na bandari ndogo, wakaenda Tokyo, Osaka na miji mingine ya viwanda. Watu wakahama, viti vikabaki palepale. Katika uchaguzi wa 1992 tofauti ilifika mara 6.59, na mwaka 1996 Mahakama Kuu Kabisa ya Japani ikasema kwamba usawa umevunjika. Katika uchaguzi wa 2010 mpiga kura mmoja wa Tottori, mkoa mdogo kuliko yote, alikuwa na uzito wa wapiga kura 5 wa Kanagawa, mkoa ulio jirani na Tokyo. Tarehe 17 Oktoba 2012 Mahakama ikanena tena kwamba hali hiyo haipatani na Katiba, na ikaongeza neno zito: kwamba hapana sharti la Katiba linalotaka mkoa uwe ndio kipimo cha jimbo. Uchaguzi wa 2013 ulikuwa na tofauti ya mara 4.77, nao ukahukumiwa vivyo hivyo tarehe 26 Novemba 2014.

Ndugu zangu, mimi ni mtu wa duka, na maisha yangu ni mizani. Akija mteja na senti zake, akaja na mwenzake na senti zilezile, nikampimia mmoja ratili tano na mwingine ratili moja, hapana mtu atakayeniita muuzaji mwema, hata nikisema kwamba yule wa ratili tano ni maskini na anatoka mbali. Basi Mahakama haikukosea. Anayetetea mikoa midogo akaanza kwa kuwatukana watu wa Kanagawa, huyo amekwisha kushindwa kabla ya kusema. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na mtu wa mji mkubwa naye ana haki yake.

Kosa lilitokea katika dawa. Mwaka 2015 mipango miwili ilikuwa mezani. Chama cha Komeito, ambacho wakati huo kilikuwa mshirika serikalini, pamoja na chama cha upinzani cha Minshuto, walitaka mikoa 20 iunganishwe iwe majimbo 10, ili tofauti ishuke chini ya mara 2. Mpango huo ulikuwa mkali, lakini mzigo wake uligawanywa kwa wengi. Jiminto, chama kilichotawala Japani kwa muda mwingi tangu 1955, kilikubaliana na vyama vidogo vinne juu ya mpango mwingine, na ndio uliopita. Viti 10 viliondolewa na viti 10 vikaongezwa. Hokkaido, Tokyo, Aichi, Hyogo na Fukuoka kila mmoja ukapata viti 2 zaidi. Miyagi, Niigata na Nagano kila mmoja ukapoteza viti 2, lakini ukabaki na viti 2 vyake. Viti 4 vilivyosalia vilipatikana kwa kuunganisha mikoa minne iliyokuwa midogo kuliko yote: Tottori pamoja na Shimane, na Tokushima pamoja na Kochi. Baadhi ya wajumbe wa Jiminto waliotoka katika mikoa iliyoguswa walitoka ukumbini wakati wa kupiga kura. Wenzao wakaipitisha sheria bila ya wao.

Tazameni vizuri mpaka ulipopita. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2010, Kochi ilikuwa na watu 764,456, Tokushima 785,491, na Fukui, mkoa uliofuata kwa udogo, 806,314. Kati ya Tokushima na Fukui hawakufika hata watu 21,000. Kwa upungufu wa watu hao, Tokushima ikaunganishwa na jirani yake, na Fukui ikabaki na kiti chake peke yake. Tena jimbo jipya la Tokushima na Kochi lilikuwa na watu karibu 1,550,000, na kila zamu lilipewa mjumbe 1, sawasawa na Fukui. Maana yake ni kwamba watu walioambiwa kuwa kura yao imezidi uzito, walipotoka kwenye mizani kura yao ilikuwa na uzito wa karibu nusu ya ile ya Fukui. Dawa iliyotolewa ili kusawazisha ikaacha kutosawazika kwingine, na mara hii kukawaangukia walewale wanyonge.

Pengine mtu atasema: mikoa jirani, katika kisiwa kimoja, ina tofauti gani? Hebu tuitazame. Katikati yao imesimama milima ya Shikoku. Kochi imeikabili Bahari ya Pasifiki, na watu wake ni wavuvi na wakulima wa mabonde marefu. Tokushima uso wake uko mashariki, upande wa Kobe na Osaka, ambako imeunganishwa kwa madaraja yanayopita kisiwa cha Awaji, na la mwisho lilifunguliwa mwaka 1998. Eneo la mikoa yote miwili linazidi kilomita za mraba 11,000. Mgombea atakayetaka kulizunguka lote katika siku chache za kampeni atayapita makao mengi kwa gari bila ya kuteremka.

Wala si mara ya kwanza kwao kufungwa pamoja. Mwaka 1876 serikali ya Tokyo iliitia Tokushima ndani ya Kochi. Mambo hayakwenda, na mwaka 1880 wakatenganishwa. Mwaka uleule wa 1876 Tottori nayo iliingizwa ndani ya Shimane, ikaja kurudishiwa mkoa wake mwaka 1881. Yaani majozi yote mawili yaliyofungwa mwaka 2015 yalikuwa yamekwisha kufungwa miaka 139 nyuma na kufunguliwa. Wazee wa huko hawakuhitaji kuambiwa na mtu maana ya jambo hilo.

Na Kochi si mahali pa kawaida katika tarehe ya siasa za Japani. Hapo zamani iliitwa Tosa, na humo ndimo alimotoka Itagaki Taisuke, ambaye mwezi wa Januari 1874 yeye na wenzake waliiandikia serikali wakidai baraza la kuchaguliwa na watu, wakati Japani haikuwa na bunge wala katiba. Mwaka uleule akaanzisha huko kwao jumuiya iliyoitwa Risshisha, na kutoka huko madai ya uhuru na haki za watu yakaenea nchi nzima, hata bunge la kwanza likafunguliwa mwaka 1890. Alitoka huko pia bibi mmoja mjane, Kusunose Kita. Mwaka 1878 alikwenda kupiga kura katika uchaguzi wa mtaa wake, akakataliwa kwa kuwa ni mwanamke. Naye akasema kwamba ikiwa hana haki ya kura ingawa ndiye mkuu wa nyumba, basi na kodi halipi. Mwaka 1880 mtaa wa Kamimachi ulikubali wanawake walio wakuu wa nyumba wapige kura, mpaka serikali ilipoliondoa ruhusa hilo mwaka 1884. Watu wa namna hiyo ndio walioambiwa mwaka 2015 kwamba mkoa wao hautoshi kuwa na kiti.

Nini kilifuata? Hapa naomba msikilize hesabu, kwani zinasema kuliko mimi. Tarehe 10 Julai 2016 mikoa miwili ilipiga kura pamoja kwa mara ya kwanza. Wagombea wakubwa wawili, wa Jiminto na wa upande wa upinzani, wote walikuwa watu wa Tokushima, akashinda Nakanishi Yusuke wa Jiminto. Waliojitokeza Kochi walikuwa 45.52 kwa 100, kiasi cha chini kabisa katika mikoa yote 47 ya Japani. Huko Japani karatasi ya kura haitiwi alama. Mpiga kura huandika kwa mkono wake jina la amtakaye. Katika Kochi kura zilizoharibika zilizidi 6 katika kila 100, na kwenye baadhi ya karatasi, mahali pa jina la mgombea, watu waliandika kwamba wanapinga kuunganishwa kwa majimbo. Mtu ametoka nyumbani kwake, amesimama katika mstari, amepokea karatasi, na alilokuwa nalo la kuandika ni hilo tu.

Mwaka 2019 zamu ikageuka. Wagombea wakubwa wawili walikuwa watu wa Kochi, akashinda Takano Kojiro wa Jiminto. Mara hii mkoa uliokuwa wa mwisho katika mikoa yote 47 ulikuwa Tokushima, kwa 38.59 kwa 100. Mwaka 2023 Takano alijiuzulu, na tarehe 22 Oktoba ukafanywa uchaguzi mdogo. Wagombea walikuwa wawili, wote wa Kochi, na aliyeshinda ni Hirota Hajime, aliyesimama bila ya chama. Katika Kochi waliopiga kura walizidi kidogo 40 kwa 100. Katika Tokushima walikuwa 23.92, yaani hata mtu 1 katika kila 4 hakufika. Basi angalieni: mgombea akitoka upande huu, upande ule unabaki nyumbani, akitoka upande ule, upande huu unabaki nyumbani. Mwenye duka akiona wateja wa mtaa fulani hawaji tena, haanzi kwa kuwaita wavivu. Hutazama kwanza rafuni kama bidhaa wanayoitaka ipo.

Walioandika sheria nao waliona, na mwaka 2018 wakaleta kiraka. Tangu zamani baraza lina viti vya orodha ya vyama kwa nchi nzima. Katika orodha hiyo mpiga kura huweza kuandika jina la chama au jina la mtu, na waliopata kura nyingi zaidi ndio hutangulia kuingia. Sheria ya 2018 iliongeza viti 4 vya orodha, na ikakiruhusu chama kuweka majina fulani juu ya wengine wote. Hao huingia kwanza hata kama hapana mtu aliyewaandika. Jiminto kikautumia mlango huo kuwafariji waliokosa. Mwaka 2019 mgombea wa jimbo alipotoka Kochi, kikamweka Miki Toru wa Tokushima juu ya orodha. Mwaka 2022 mgombea alipokuwa Nakanishi wa Tokushima, kikamweka Kajihara Daisuke wa Kochi. Wote wawili waliingia barazani.

Sitaki kuidhulumu sheria hiyo. Mwaka 2019 chama kingine kidogo, Reiwa Shinsengumi, kiliitumia kuwaingiza barazani watu wawili wenye ulemavu mzito, Funago Yasuhiko na Kimura Eiko, na hilo ni jambo la kheri. Lakini kwa habari ya mikoa, hebu tuulize: aliyemweka Miki barazani ni nani? Hakuchaguliwa na watu wa Tokushima kwa jina lake. Mgombea wa namna hiyo hana hata ruhusa ya kufungua ofisi ya kampeni wala kubandika picha yake ukutani. Amewekwa na chama, na chama kinaweza kumwondoa orodha ijayo. Mkoa uliokuwa na kiti kwa haki yake sasa una kiti kwa hisani ya chama kikubwa, na mkoa ukikiudhi chama hicho hauna mahali pa kudai. Deni lililoandikwa daftarini hudaiwa mbele ya kadhi, zawadi haidaiwi.

Yapo majibu ya upande wa pili, na ni wajibu kuyasema. La kwanza ni la Katiba yenyewe, ambayo katika kifungu cha 43 inasema kwamba wajumbe wa mabaraza yote mawili ni wawakilishi wa watu wote wa taifa, basi mjumbe si wakili wa mkoa wake tu. La pili ni kwamba kwa kuunganisha mikoa, tofauti ya kura ilishuka toka mara 4.77 hata mara 3.08 katika uchaguzi wa 2016, na Mahakama mwaka 2017 ikaridhika nayo. Yote mawili ni kweli. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwaka 2012 serikali ya Japani ilikadiria kwamba tetemeko kubwa la baharini likitokea kusini ya visiwa vyake, mji mdogo wa Kuroshio, ulio katika Kochi, unaweza kupigwa na wimbi la kimo cha mita 34. Mjumbe wa taifa zima anaweza kuisoma hesabu hiyo katika karatasi. Lakini anayejua ni kilima gani bibi kizee wa Kuroshio ataweza kukipanda usiku kabla maji hayajafika, huyo ni mtu wa hapo. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Mpaka leo jambo hili halijakwisha. Mwaka 2016 jumuiya ya magavana wa mikoa ya Japani ilitoa azimio la kutaka majimbo ya namna hii yaondolewe. Mwaka 2018 Jiminto kilitoa rai ya kuibadili Katiba ili kila mkoa uwe na mjumbe japo 1 kila uchaguzi. Rai hiyo haijafikishwa mbele ya wananchi kupigiwa kura. Wakati huohuo, katika uchaguzi wa 2022, Tokushima na Kochi, na kadhalika Tottori na Shimane, walipiga kura wakiwa wamefungwa vilevile, na tofauti ya nchi nzima ilikuwa bado mara 3.03. Wanyonge wanne wametoa viti vyao, na mizani bado haijalala sawa.

Mabibi na mabwana, mambo matatu nawaachia. La kwanza, mtu akija na ramani mpya ya majimbo, msimuulize tu kama hesabu yake ni sawa. Muulizeni pia mzigo wake umemwangukia nani, na kwa nini mzigo huo haukugawanywa. La pili, kiti kilichopotea katika sheria kisilipwe kwa fadhila ya chama, hata kama chama hicho ni chetu, kwani fadhila huisha siku aliyeitoa akinuna. La tatu, wakiwa wachache waliokwenda kupiga kura mahali fulani, msiseme upesi kwamba watu hao hawaipendi nchi yao. Watu wa Kochi walidai bunge kabla Japani haijawa na bunge. Ikiwa wajukuu wao wamebaki nyumbani siku ya kura, yafaa aulizwe aliyeipanga kura ile, na aulizwe kwa adabu, kwa hesabu mkononi, mpaka ajibu.